Vitabu vya Mke wa Muuza Mchele

Vitabu vya zawadi viliingia kwa mlango wa nyuma. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza niliyofundishwa nilipoanza kazi katika maktaba ya mji wa Mbeya, na mpaka leo mtu akitaja maktaba naona kwanza ule uwanja wa nyuma: majani mafupi yaliyolowa umande, mkaratusi mmoja mrefu, na jamvi pana lililotandazwa juani. Kitabu chochote kilicholetwa na mtu, awe Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa bomani, au mpishi wake, kililala pale siku tatu, kimefunguliwa kama samaki anayekaushwa, ili wadudu watoke. Siku ya nne kilipanguswa, kikapewa namba, kikaandikwa katika daftari kubwa na kupigwa mhuri. Baada ya mhuri hakikuwa tena cha aliyekileta.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa mji. Ilikuwa na meza mbili, mabenchi manne, na madirisha yaliyotazama mlima Loleza. Asubuhi za mwezi wa Juni wasomaji walikuja wamejifunika mablanketi, wakageuza kurasa kwa vidole vilivyokufa ganzi, na pumzi zao zikaonekana juu ya magazeti kama moshi mwembamba. Msimamizi alikuwa mwalimu wa zamani, Mbena kutoka milima ya Njombe, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Sote tulimwita Mwalimu. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka shule ya misheni kule Rungwe, nimeukimbia ualimu, na nilikuwa nikiandika hadithi zangu nyuma ya fomu zilizoharibika. Mwalimu aliniajiri kwa sababu moja tu, na aliniambia wazi: akina mama watathubutu kuingia wakimwona mwanamke mezani.

Tuliishi kwa kupewa. Mji ulitupa chumba, rangi ya ukuta na picha ya Malkia, vingine tulitegemea mioyo ya watu. Dhahabu ya Chunya ilikuwa imeanza kupungua miaka ile, na Wazungu waliokuwa wakifunga migodi yao walituletea masanduku kabla ya kuondoka. Ukifungua sanduku la Chunya, vumbi jekundu linatoka kwanza, halafu ndiyo vitabu: vitabu vya pampu, orodha za bei za mabuti, riwaya za Kiingereza zisizo na kurasa za mwisho, na kimoja nakikumbuka kwa mapenzi, kilichofundisha namna ya kulinda mawaridi wakati wa theluji. Hatukuwahi kukataa. Mwalimu alimwandikia kila mtu barua ya shukrani, ileile ya upole, na kitabu cha mawaridi kikapata namba na mhuri kama wenzake.

Wapo waliotoa na kutaka kitu. Mwenye mabasi mmoja alikubali kutuletea magazeti ya Dar es Salaam bila malipo, mradi tutundike ubao wenye picha ya basi lake. Mwalimu alifikiri siku mbili, kisha akautundika ubao nyuma ya mlango, mahali ambapo anayeingia hauoni ila anayetoka. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Anayeingia amekuja kusoma. Anayetoka huenda anatafuta basi." Mwenye mabasi alikuja kuutazama, akacheka, akaridhika.

Lakini vitabu vya Kiswahili havikutoka Chunya wala kwa mwenye mabasi. Tulikuwa navyo kama ishirini, vimeshikwa mpaka kingo zimekuwa laini kama sikio la mbuzi. Msomaji wetu mkubwa, mama mmoja wa Kisafwa aliyeuza viazi sokoni, alikuwa amevimaliza vyote. Alijifunza kusoma katika darasa la kanisa, akiwa tayari na wajukuu, na alisoma kama mtu anayefidia. Aliacha kikapu chake mlangoni, akapangusa udongo wa mikono kwenye kaniki, akauliza kila siku swali lilelile: "Kuna kipya?" Nami nilizoea kumjibu huku natazama chini.

Kwa hiyo barua ya Iringa ilipofika, Mwalimu aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Iliandikwa na mwandishi wa kukodiwa, kwa niaba ya mzee mmoja muuza mchele. Mkewe alikuwa amefariki. Aliacha vitabu thelathini na vinne, vyote vya Kiswahili. Mzee hakutaka vigawanyike kwa watoto, alitaka viwe sadaka. Na kwa kuwa mkewe alizaliwa Mbeya, dukani kwa baba yake, vitabu virudi Mbeya.

"Vitu vya mwanamke vifuatwe na mwanamke," Mwalimu alisema, akanipa koti lake la mvua.

Basi liliondoka kabla jua halijachomoza. Tulipita Uyole tukiwa tumejikunyata, tukateremka hadi Igawa ambako joto la Usangu lilitufungua vifungo, tukapanda tena hadi Makambako ambako upepo ulitufunga upya. Kulikuwa na mama wa Kihehe kando yangu, amepakata jogoo, na kila tulipovuka daraja alimwambia jogoo, "Tumepita." Nilifika Iringa jioni, vumbi limenipaka uso, na nikauona ule mji juu ya mlima wake, na yale mawe makubwa yaliyosimama kuuzunguka kama wageni waliokaribishwa kukaa wakakataa. Nilikuwa katika umri ambao kila mji mpya unauona umejengwa kwa ajili yako. Nililala kwa shangazi yake Mwalimu, na asubuhi nikaenda dukani.

Mzee alikuwa amekaa juu ya gunia, amevaa kanzu, na juu ya kanzu sweta mbili kwa ajili ya baridi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nikupimie wa Usangu au wa Kyela?"

"Nimetoka maktaba ya Mbeya, mzee. Nimefuata vitabu."

Alinitazama kutoka kilembani hadi viatuni. "Wewe ndiye maktaba? Nilidhani watanitumia mzee mwenye miwani."

"Yupo, mzee. Amebaki na miwani yake."

Alicheka, akasogea, akanipa nafasi juu ya gunia.

Vitabu vilikuwa katika chumba cha nyuma, kati ya mchele na mchele. Alinieleza kwamba yeye herufi zake ni za Kiarabu, hizi nyingine anazijua za kutosha kuandika alama kwenye magunia. Mkewe ndiye aliyezijua. Alijifunza kwa ubao wa binti yao, binti anasoma masomo yake na mama yuko nyuma ya bega. Halafu hakuacha tena. Kila alasiri, duka likifungwa kwa mapumziko, alimsomea mumewe humu ndani, jiko la mkaa likiwa mlangoni, mkono mmoja na kitabu na mwingine na mwiko. Mzee alifungua kimoja kunionyesha. Ukurasa ulikuwa na doa la manjano, la duara, kama jua lililochorwa na mtoto.

"Nusa," aliniambia.

Nilinusa.

"Unaona? Sijui kusoma kilichoandikwa, lakini najua siku ile tulikula nini."

Tulivipanga katika makasha mawili ya majani ya chai. Alipomaliza alinipa maneno yake, na aliyatoa polepole, kama mtu anayepima. Jina lake lisiandikwe. La mkewe liandikwe ndani, dogo, pembeni. "Na visomwe, binti. Sadaka ya namna hii inaishi ikitumika. Mtu akisoma leo, yeye anapata fungu lake huko aliko. Wasiposoma, hapati."

"Vitasomwa, mzee."

"Nami nitakuja mwenyewe niwaone."

Ni maneno mawili aliyonipa: visomwe, na nitakuja. Nilimfikishia Mwalimu yote mawili. Jinsi la pili lilivyolimeza la kwanza ndiyo habari ninayotaka kueleza, maana nilishiriki kwa mikono yangu na kwa moyo mweupe.

Mwalimu alivianika vitabu vile siku tatu kama sheria ilivyotaka, ila safari hii alichukua kiti akakaa kando ya jamvi, akifukuza kuku. Alimwita fundi wa Iyunga, akatengeneza kabati la mninga lenye milango ya vioo na kufuli dogo la shaba. Jina la marehemu aliliandika yeye mwenyewe, kwa wino mweusi, thelathini na nne, na hakuharibu hata moja. Alipomaliza alivifunga, akanipa ufunguo.

"Tutaanza lini kuviazimisha?" nilimwuliza.

"Mzee amesema atakuja?"

"Amesema."

"Basi tumngoje. Wewe mwenyewe unajua."

Nilijua. Kwetu Rungwe, kama kwao Ubena, vitu vya marehemu hufungwa pamoja, nguo, jembe, chungu, vikakaa. Haviguswi na mtu mpaka siku ambayo mwenye msiba anaketi mbele ya watu akavigawa kwa mkono wake. Anayejichukulia kabla ya siku hiyo anaonekana alikuwa akikingoja kifo. Nilikumbuka khanga za bibi yangu zilivyokaa msimu mzima darini, na mama yangu akitetemeka kwa baridi bila hata kuinua macho kuzitazama. Sikumwuliza tena Mwalimu. Alimwandikia mzee barua nzuri: vitabu vimefika salama, vimewekwa mahali pa heshima, nasi tunakungoja. Nadhani huko Iringa mwandishi wa kukodiwa aliisoma kama salamu, akaikunja.

Kisha mvua zikaja. Barabara ilikatika Chimala, ikatengenezwa, ikakatika tena. Baada ya mvua yakaja mavuno ya Usangu, na hakuna muuza mchele anayesafiri wakati wa mavuno. Miezi ikaenda. Kabati lilisimama pale likimeta, na wasomaji wakiingia waliinamisha kichwa kidogo walipopita mbele yake. Mama wa viazi alizoea kusimama kwenye kioo akisoma migongo ya vitabu, mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza.

"Mwenyewe bado?"

"Bado, mama."

"Mungu amlete."

Na hakuna aliyeniomba ufunguo. Watu ambao walikuwa tayari kugombana kwa ajili ya gazeti la juzi, hakuna aliyeniomba. Sikulazimika kumweleza mtu yeyote. Kila Jumamosi nilifungua kufuli, nikatoa vitabu, nikapangusa migongo yake, nikavirudisha bila kufunua ukurasa. Mimi niliyekuwa nasoma hata karatasi za kufungia sukari. Kulikuwa na kimoja cha rangi ya kijani ambacho nilikishika kwa muda mrefu kuliko vingine, nikahisi uzito wake, nikakirudisha. Usiku ule nililala nikijiona mtu mwema sana.

Alikuja mwezi wa Julai, siku ya baridi kali na jua safi, juu ya lori lililokuwa likileta mchele sokoni. Mwalimu alimwona kupitia dirishani, akavaa koti, akalivua, akalivaa tena. Ndani kulikuwa na wasomaji kama kumi. Mama wa viazi alikuwa kwenye benchi la mwisho. Kulikuwa na askari mmoja aliyekuwa zamu ya usiku na fundi viatu mwenye aproni yake. Wote walisimama mzee alipoingia, na alifurahi, nilimwona, aliitikia salamu za kila mmoja na kuwashika mikono.

"Kamwene," alimwambia Mwalimu, kwa Kihehe chake cha sokoni.

"Kamwene, mzee. Karibu sana. Tumekungoja."

Nilifungua kabati. Mzee alitoa kitabu, akakifunua, akakiinua puani. Akakirudisha, akatoa kingine. Alipofika cha tano mkono wake ulikuwa umepunguza mwendo.

"Daftari la wanaoazima liko wapi?" aliuliza.

"Hivi havijaazimwa, mzee," Mwalimu alisema. "Tumevitunza."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja." Na sauti yake ilijaa fahari.

Mzee akanigeukia mimi. "Na wewe, binti? Wewe mwenye ufunguo?"

"Hata mimi, mzee," nilisema, na nikasubiri sifa.

Alikaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu kwenye ncha ya benchi iliyokuwa karibu. Alivua kofia akaitazama ndani.

"Miezi minane," alisema. "Kila Ijumaa nikitoka msikitini napita makaburini, namwambia, wiki hii watu wamekusomea. Namhesabia hata. Mkulima mmoja, namwambia, na mwalimu mmoja, na mwanafunzi." Akavaa kofia. "Kumbe namwongopea."

Nilitamani angegomba. Alikwenda mlangoni, akamwita utingo wa lori, akamwambia alete magunia mawili matupu. Kisha alisema bila kumtazama mtu, "Iringa walikuja vijana wa shule, walinilalamikia, kwa nini vitabu vinaenda mbali. Niliwaambia vimekwenda kwao mwenyewe, vitapata watu. Sasa nitawarudishia."

Mwalimu alianza kueleza. Maskini, alieleza kwa Kiswahili cha barua: kwa mujibu wa mila, na kwa kuzingatia heshima, na ikumbukwe kwamba. Maneno yalimtoka makubwa na hayakufika popote. Mzee hakumkatiza. Alitoa kitabu kimoja kimoja na kukishusha ndani ya gunia kwa taratibu, kama mtu anayepanga mayai. Rafu ya juu iliisha. Akaanza ya pili.

"Baba," mama wa viazi alisema kutoka nyuma.

Mzee aligeuka.

"Samahani, nakuuliza. Kwenu mtu akifa akaacha khanga, jirani anaingia anajichukulia?"

"Hapana, mama. Zinagawiwa."

"Nani anagawa?"

"Wafiwa."

"Haya. Sisi tumekosa nini? Tumekaa miezi minane tunamngoja mfiwa. Kumbe mfiwa anauza mchele."

Fundi viatu alicheka, akajiziba mdomo kwa aproni. Mimi nilidhani yamekwisha, vitabu vimekwenda. Mzee alikuwa amesimama na kitabu mkononi, nusu ndani ya gunia na nusu nje.

"Mlikuwa mnaningoja mimi?"

"Tuliambiwa umesema utakuja. Mtu akisema anakuja, utakula chakula chake?" Alikuwa amesimama sasa, mikono kiunoni. "Mimi vile vingine vyote nimemaliza, baba. Kile cha kilimo cha chai nimekisoma mara mbili, na sina chai."

Askari akaongeza, kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuulizwa, "Ni kweli, mzee. Kila siku anauliza kama umefika."

Mzee alimtazama Mwalimu. "Ndivyo hivyo?"

"Ndivyo, mzee." Mwalimu alikuwa amevua miwani na maneno yake yalikuwa yamerudi kuwa madogo. "Vitu vya marehemu. Tuliogopa kuonekana tuna tamaa. Labda tulipaswa kukuuliza."

"Mlipaswa."

"Tulipaswa, mzee."

"Na mimi nilipaswa kuja," mzee alisema. Alilitazama gunia, kisha akainama akaanza kuvitoa tena. "Kwetu kitu kikishatolewa kimetoka, na binti huyu nilimwambia visomwe. Nilidhani ni hivyohivyo kila mahali." Akanyooka, akamwuliza mama wa viazi, si Mwalimu, "Sasa inafanywaje? Mwenye msiba anakaa wapi?"

"Anakaa mbele. Watu wanamwona."

Mwalimu alileta kiti chake mwenyewe, kile chenye mikono, ambacho hata Bwana Shauri alipokuja hakupewa. Tukakiweka mbele ya kabati. Mama wa viazi aliongoza, maana sisi wengine tulikuwa bado hatujui kama tucheke au tulie. Alipiga goti kidogo, akanyoosha mikono yote miwili. Mzee alitafuta rafuni, akapita vingi, akachukua kile cha kijani, akakinusa.

"Hiki tulikula ndizi za nazi," alisema. "Alikaa nacho siku nyingi. Akifika mahali pazuri anaacha kunisomea, anasoma peke yake kimoyomoyo, na mimi nimekaa nangoja kama mjinga. Mtu wangu, tulikuwa tunagombana sana." Akampa. "Usikisome haraka."

"Nitakirudisha lini?"

"Siku kumi na nne," Mwalimu alinong'ona kutoka nyuma ya kiti.

"Mwache mama wa watu," mzee alisema. "Arudishe akimaliza."

"Kikipata udongo?" mama aliuliza. "Mimi ni mtu wa shamba."

"Yeye alivitia manjano na samli. Udongo si kitu. Nisichotaka ni hiki." Alipitisha kidole juu ya jalada safi nililolipangusa Jumamosi iliyopita, akanionyesha, na hapo kwa mara ya kwanza alinitabasamia. Niliona aibu, lakini ilikuwa aibu nyepesi, ya kutaniwa.

Alivigawa vyote kwa namna hiyo. Askari alipewa, fundi viatu alipewa, na kila mmoja alipokea kwa mikono miwili na kila mmoja aliambiwa chakula chake. Hiki ni pilau ya Idi. Hiki ni siku ya mvua, hatukupika, tulikula tende. Hiki kina machozi yake, ya vitunguu au ya hadithi, sikumwuliza. Mimi nilikaa mezani nikiandika kadi za kuazimia, jina, namba, jina, namba, wino ukinichafua mpaka kwenye mkono wa gauni, na Mwalimu kando yangu akikausha kila kadi kwa pumzi. Habari ilifika sokoni bila mtu kutumwa. Waliingia watu ambao sikuwahi kuwaona maktaba, akina mama waliosimama mlangoni wakasukumana, mzee mmoja wa Kisafwa aliyekiri kwamba hajui kusoma lakini nyumbani ana mjukuu. Mzee wa mchele aliwaza kidogo juu yake.

"Mjukuu atakusomea?"

"Atanisomea. Nitamchapa asiponisomea."

"Usimchape. Mpe karanga," mzee alisema, akachagua kitabu kinene.

Kabla ya adhuhuri kabati lilikuwa tupu. Alisimama akalitazama, rafu zote tatu, vioo viwili vilivyofunguka, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo mahali panapostahili. Alikwenda kuswali. Aliporudi alikuta magunia yake mawili hayako pale alipoyaacha. Mama wa viazi alikuwa ameyapeleka sokoni, maana kwetu chombo cha mgeni aliyetoa hakirudi mikono mitupu, na utingo alikuwa akiyavuta kurudi, moja limejaa viazi na jingine nusu maharage, nusu mahindi mabichi.

"Na hivi navyo ni sadaka?" mzee aliuliza.

"Hivyo ni chakula," mama alimjibu.

Tulimsindikiza hadi kwenye lori. Mwalimu alikuwa ametoa penseli na tayari alikuwa akirekebisha ile barua yake ya shukrani, ambayo hakuwahi kuibadilisha tangu nimjue. Aliongeza mstari mmoja, na uliendelea kuandikwa kwa kila aliyetoa, mpaka kwa Wazungu wa Chunya ambao sijui waliuelewa vipi: tafadhali tujulishe, utakuja kugawa mwenyewe au tugawe sisi. Baadhi walikuja. Mwenye mabasi alikuja na kugawa magazeti asubuhi nzima, akafurahi kupita kiasi, ikabidi tumwombe aondoke.

Mzee alikuwa ameshapanda mbele ya lori, gunia la viazi kati ya magoti yake, alipotoa kichwa dirishani.

"Binti. Wewe umechukua kipi?"

Nilikuwa nimeandika kadi thelathini na nne, na hakuna hata moja yenye jina langu.

"Sikuchukua, mzee."

Alicheka mpaka akashika dashibodi. Utingo naye akacheka, bila kujua cha kuchekea. "Miezi minane na ufunguo shingoni," alisema, "na siku ya kugawa umekosa. Haya. Utangoja kama watu wengine."

Nikangoja. Siku ya tisa mama wa viazi aliweka kikapu chake mlangoni, akatoa kitabu cha kijani kutoka ndani ya kitambaa, akakiweka mbele yangu. Kilinuka moshi wa kuni, na kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya udongo mweusi wa mlimani, chini kidogo ya doa la manjano. Aliniuliza kuna kingine kilichorudi. Nikamwambia bado, yeye ndiye wa kwanza. Akakaa kwenye benchi kungoja, nami nikaandika jina langu kwenye kadi, nikakifungua kitabu palepale mezani, nikaanza kusoma. Aliniita mara mbili siku ile, na askari mara moja, na wote wawili wananiambia mpaka leo kwamba sikuwasikia.